Karatasi Inayosema Bibi Hana Mtu

Swali lilinifikia kupitia kwa shangazi, saa nne usiku, bibi akiwa ameshalala. Shangazi anaishi Leicester, Uingereza, na jioni hiyo alikuwa amezungumza na wakili wa mambo ya uhamiaji kuhusu viza ya kumchukua mamake wakae pamoja. Kukaa kabisa, si matembezi. Wakili alisikiliza yote: umri wa bibi, nyonga iliyovunjika, ngazi za nyumba yetu, mshahara wa shangazi. Halafu akauliza, na huko Mombasa kuna mtu anayeishi naye?

Kuna. Ni mimi.

"Basi hapo ndipo penye shida, mwanangu," shangazi aliniambia. Hakuwa ananilaumu, nilimsikia vizuri. Lakini tangu usiku ule natembea na jambo hili kichwani, kwamba kwenye faili la bibi yangu mimi ndiye kasoro.

Sina shahada ya sheria wala ya historia. Sina shahada yoyote, niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama na bibi akaanguka ngazini mwezi huohuo. Siku hizi naandikia watu makala za kulipwa kwa neno, leo za bima, kesho za mafuta ya nywele. Usiku bibi akilala nabaki na saa tatu hivi na bando la simu. Nikaanza kuzitumia kusoma sheria za uhamiaji. Mwanzoni nilikuwa natafuta tundu la kupitia. Baadaye nilisoma tu kwa sababu nilishindwa kuacha.

Mji wenyewe ulijengwa na watu walioitana. Ukiteremka Ndia Kuu hadi bandari ya zamani leo utakuta maji yametulia na vyombo vichache, lakini kwa karne nyingi majahazi yalikuwa yakiingia hapo na kaskazi kutoka Shihr, Mukalla, Maskati na Bara Hindi, kisha yakingoja kusi yarudi. Kijana alikuja peke yake, akauza kahawa ama akasaidia dukani kwa jamaa. Mambo yakimnyookea akamwita ndugu, akamwita mke, na wapo waliowaita wazazi. Ukizungumza na Washihiri, Wabaluchi au Wabohora wa mtaani kwetu, hakosi mmoja kukwambia babu wa babu yake alikuja mzee, akafia hapa. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianza kuubana mlango huo kwa sheria na vibali. Kabla ya hapo, kilichomzuia mama kumfuata mwanawe kilikuwa upepo na nauli.

Kisha ikaja 12 Desemba 1963. Ukanda wetu wa maili kumi, ambao tangu 1895 Waingereza waliutawala kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, ukaingia Kenya. Siku hiyohiyo, mtu aliyezaliwa Kenya na ambaye mzazi wake mmoja pia alizaliwa Kenya akawa raia bila kujaza fomu yoyote. Bibi yangu yumo humo, aliamka Mkenya. Aliyezaliwa hapa lakini wazazi wake wote wawili wakazaliwa kwingine, kama Bara Hindi, alipewa miaka miwili ajiandikishe. Wengi walisita. Unaweza kuwalaumu ukitaka, mimi siwezi, maana nimekulia kwenye nyumba ambayo kujaza fomu moja huchukua mwaka. Matokeo yake nyumba moja ikawa na uraia wa namna mbili au tatu: baba ana pasipoti ya Uingereza, mtoto ni Mkenya, nyanya hana hakika yeye ni nani.

Mwaka 1967 Bunge la Kenya likapitisha sheria ya uhamiaji na ile ya leseni za biashara. Asiye raia sasa alihitaji kibali cha kufanya kazi, na kulikuwa na sehemu na bidhaa ambazo hakuruhusiwa tena kuuza. Mapema 1968 ndege za kwenda London zikajaa Wahindi wenye pasipoti za Uingereza. London ikashtuka. Serikali ya Harold Wilson, James Callaghan akiwa waziri wa mambo ya ndani, ikasukuma mswada bungeni kwa siku tatu, na tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria. Tangu hapo pasipoti peke yake haikutosha kukuingiza. Ulipaswa uwe na mzazi, au babu au bibi, aliyezaliwa Uingereza au aliyepata uraia kulekule.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu gizani. Bibi alikuwa ameingia kwenye sheria! Alizaliwa wapi bibi yako, hilo ndilo lililoamua nani apite. Na mpaka leo kijana wa nchi ya Jumuiya ya Madola ambaye babu au bibi yake alizaliwa Uingereza anaweza kuomba viza ya kwenda kufanya kazi kule kwa nasaba hiyo. Damu ya bibi inampeleka mjukuu. Kumpeleka bibi kwa damu ya bintiye, hapo ndipo pana kazi.

Waliobaki na pasipoti zisizowafikisha popote waliwekewa vocha. Mwanzoni zilikuwa 1,500 kwa mwaka, na kila moja ilikwenda kwa mkuu wa nyumba pamoja na wanaomtegemea. Baadaye zikaongezwa, zikafika 5,000 kwa mwaka kufikia 1975, na mpango wenyewe ulifungwa Machi 2002. Mkuu wa nyumba alikuwa nani? Kwa kawaida mwanamume. Mke mwenye pasipoti yake mwenyewe hakuhesabiwa mkuu, na suala hilo lilipofika mbele ya majaji wa juu kabisa wa Uingereza mwaka 1983, majaji walisema sheria yao ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia haifiki huko. Kuhusu ile sheria ya 1968, Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikuwa imeshasema mwaka 1973 kwamba, kwa walalamikaji wengi waliofika mbele yake, ubaguzi wa rangi uliokuwemo ulifikia kiwango cha kudhalilisha utu. Ripoti hiyo haikutolewa hadharani hadi 1994. Miaka ishirini kwenye kabati.

Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa karibu na Marikiti aliniambia kaka zake wawili waliondoka kwa vocha miaka ya 1970. Mama yao hakwenda. Yeye ndiye mtoto pekee aliyekuwa amechukua uraia wa Kenya, kwa hiyo ikachukuliwa kwamba mama ana pa kukaa. "Walirudi kumzika," alisema, kisha akaendelea kupima kitambaa cha mteja.

Nilimpigia simu shangazi siku hiyo nikamsimulia. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo mambo haya si ya jana," akasema.

Si ya jana. Lakini ya kwetu yana tarehe zake, na mojawapo niliigundua kwenye kitambulisho cha bibi.

Kenya ilianza kuwaandikisha wanawake vitambulisho baada ya sheria kubadilishwa mwaka 1978. Kabla ya hapo kitambulisho kilikuwa cha wanaume. Cheti cha kuzaliwa nacho hakikuwa kitu cha kila mtu: kuandikisha vizazi vya Waafrika kulifanywa lazima polepole, eneo baada ya eneo, kati ya 1963 na 1971. Kwa hiyo mwanamke wa umri wa bibi yangu alifika mbele ya karani akiwa na jina lake, uso wake na maneno ya mamake. Mamake alikuwa akisema alimzaa vita vikiwa bado, na hesabu za nyumbani zinafika 1944. Karani akamtazama, akaandika 1946. Bibi huisimulia hii kama kichekesho. Alitoka pale kapunguziwa miaka miwili bure.

Sasa weka miaka hiyo miwili mbele ya kanuni za Uingereza za wakati ule. Kwa zile za mwaka 1994, mama mjane angeweza kumfuata mwanawe aliyekaa kule kihalali akiwa ametimiza miaka 65, akiwa anamtegemea mwana huyo kwa sehemu kubwa ya matumizi yake, na akiwa hana jamaa mwingine wa karibu nchini kwake wa kumkimbilia kwa msaada wa pesa. Babu alifariki 1994, kwa hiyo ujane upo. Pesa zilikuwa za shangazi, kila mwezi, kwanza kwa jamaa anayesafiri, kisha kwa M-Pesa. Babangu wakati huo alikuwa na kazi leo, kesho hana. Kwa miaka yake ya kweli bibi alifika 65 mwaka 2009. Kwa miaka ya karani, 2011.

Mwaka 2011 shangazi akaanza kukusanya karatasi, na hapo tukakutana na majina. Sisi hatuna jina la ukoo kama wanavyolielewa wao. Mtu ana jina lake, la babake na la babu yake, na mwanamke akiolewa habadilishi kitu. Kwa hiyo mama na binti hawashiriki jina hata moja kwenye karatasi. Mbaya zaidi, kwenye cheti cha kuzaliwa cha shangazi mama ameandikwa Mwanaisha, na kwenye kitambulisho ni Aisha. Mtaani hilo si jambo, ni mtu mmoja, kila mtu anajua. Kwa afisa ni wanawake wawili, na mmoja wao hana mtoto Leicester.

Leicester hiyohiyo, nikwambie. Ni kwenye chuo kikuu cha mji huo ndiko Alec Jeffreys aligundua mwaka 1984 namna ya kumtambua mtu kwa DNA, na kesi ya kwanza kabisa iliyotumia ugunduzi huo, mwaka 1985, haikuwa ya muuaji. Ilikuwa ya uhamiaji. Mvulana wa familia ya Kighana alizuiwa kurudi kwa mamake Uingereza, maafisa wakiwa na shaka kama ni mwanawe kweli. Damu ikasema ni wake. Kila nikisikia watu wakishangilia sayansi hii kwenye filamu za polisi, namkumbuka mama yule aliyetolewa damu ili aaminiwe kuhusu mtoto wake mwenyewe.

Shangazi hakufika kwenye DNA. Alipita njia ya viapo kwa wakili, barua ya chifu, cheti cha kuzaliwa cha kuchelewa, rudi kesho, karani katoka. Bibi alikuwa akivaa buibui saa mbili asubuhi na kurudi adhuhuri mikono mitupu, akinunua viazi karai njiani ili safari isiwe hasara tupu. Karatasi zilikaa sawa Agosti 2012.

Kanuni mpya zilikuwa zimeanza tarehe 9 Julai.

Kanuni hizo mpya, ambazo ndizo zinazotumika hadi leo, ziliondoa hesabu ya miaka 65. Badala yake mzazi lazima awe, kwa sababu ya uzee, ugonjwa au ulemavu, anahitaji kuhudumiwa muda mrefu katika mambo ya kila siku kama kuoga, kuvaa na kupika. Kisha lazima ionyeshwe kwamba huduma hiyo haipatikani nchini anakoishi hata kwa msaada wa pesa za mwanawe, ama kwa kuwa haipo na hakuna mtu huko anayeweza kwa kiasi cha haki kuitoa, ama kwa kuwa gharama yake haimudiki. Mwana naye aahidi kwa maandishi kumlisha, kumlaza na kumhudumia miaka mitano bila kugusa pesa za umma. Maombi yafanywe mzazi akiwa nje ya Uingereza. Ada ni zaidi ya pauni 3,000, na ukikataliwa hairudi. Ukikubaliwa unapewa ukaaji wa kudumu papo hapo, ni kweli. Zawadi ni kubwa. Mlango ndio huo.

Soma tena uone inavyobana. Mzazi awe mgonjwa sana, lakini awe mzima wa kupanda ndege. Mwana awe na pesa za kutosha kumtunza mamake Leicester, lakini pesa hizohizo, ambazo Mombasa ni nyingi mara kadhaa, zisitoshe kumwajiri msichana wa kazi na muuguzi Mji wa Kale. Kamati ya wabunge wa Uingereza iliyochunguza kanuni hizi mwaka 2013 iliambiwa kwamba kati ya 9 Julai na 31 Oktoba 2012 ilitolewa viza moja. Moja!

Lakini kipande kinachoniuma ni kile cha "hakuna mtu".

Hebu nikuonyeshe asubuhi ya bibi. Saa kumi na mbili jirani wa chini anapandisha mahamri na mbaazi, na hapokei pesa. Saa mbili kijana wa maji anapanda na madumu, na kabla ya kushuka anamsogezea bibi kiti dirishani. Mimi namwogesha, namvalisha, nampaka dawa mguuni. Saa nne wanawake wawili wa mtaa wa Kibokoni wanakuja, wanasema wamepitia tu, wanakaa hadi adhuhuri. Ijumaa anakuja binamu ya baba kutoka Kuze na samaki. Wakati wa mvua za Aprili bibi alipopata homa, walipanda ngazi zile watu ambao mimi mwenyewe siwajui majina. Haya ndiyo mambo tunayojisifia tukiwa kwa wageni, kwamba kwetu mzee hatupwi. Ukiyachukua yote ukayaandika kwa Kiingereza kizuri ukayaweka kwenye faili, umejikatalia viza. Kila bakuli la mbaazi ni ushahidi.

Kuna shirika liliipeleka serikali ya Uingereza mahakamani kuhusu kanuni hizi, likitetea familia kama zetu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kanuni zitabaki, kwa kuwa lengo la kupunguza mzigo kwa walipa kodi na kwa huduma zao za afya ni halali. Hata hivyo ndani ya uamuzi huo majaji walisema jambo ambalo wakili wa shangazi ameling'ang'ania: huduma anayohitaji mzazi si kuogeshwa na kulishwa tu. Mahitaji ya moyo na ya akili yanaweza kuhesabiwa, mradi daktari ayathibitishe. Yaani huenda kukawa na nafasi tukimpata daktari wa kuandika kwamba bibi anamhitaji binti yake kwa namna ambayo mjukuu na mtaa mzima hawawezi kuitimiza. Ni kweli? Nadhani ni kweli. Alasiri bibi hukaa na simu mapajani kabla haijalia. Lakini sijui inaandikwaje kwa lugha ya daktari.

Watu huniuliza, kwani ni Uingereza tu? Sivyo. Mamake rafiki yangu yuko Ohio tangu mwanawe alipopata uraia wa Marekani. Sheria iliyotiwa saini na Lyndon Johnson mwaka 1965 iliwatoa wazazi wa raia kwenye foleni ya viza zenye idadi maalumu. Mwana raia akiwa ametimiza miaka 21 anamwombea mzazi, na tangu miaka ya 1990 anasaini hati ya kubeba gharama zake. Fomu ni nyingi, ngoja ni ndefu, na serikali za kule hubadilika hasira. Lakini swali la msingi ni, wewe ni mamake? Hawaulizi nani kabaki nyumbani. Kanada waliona maombi yamerundikana, mwaka 2011 wakasimamisha kupokea mapya, wakaleta viza ya matembezi marefu inayohitaji bima ya afya ya dola 100,000. Baadaye mlango wa ukaaji wa kudumu ukafunguliwa tena kwa idadi ndogo, kisha ikaja bahati nasibu. Mwaka 2019 walijaribu aliyewahi ndiye apate, na fomu kwenye intaneti ikajaa chini ya robo saa, basi wakarudi kwenye bahati nasibu. Australia serikali yenyewe inakadiria ngoja ya takriban miaka thelathini kwa viza ya mzazi isiyo na malipo makubwa. Mzazi wa miaka 65, fanya hesabu.

Na Ghuba, ambako ndiko nusu ya vijana wa mtaa wetu wameenda? Babangu yuko Dubai. Kule mzazi hukaa kwa viza ya mwaka mmoja mmoja, na mwana awe na mshahara wa dirhamu 20,000 kwa mwezi. Mshahara wa babangu hauoni elfu ishirini hata kwa darubini.

Halafu kuna sisi wenyewe. Kenya inatoa kibali cha daraja la K kwa mgeni wa miaka 35 au zaidi mwenye kipato cha uhakika kutoka nje, dola 24,000 kwa mwaka. Ndicho wanachoishia wazee wengi wa Kizungu unaowaona Nyali na Diani wakitembeza mbwa alfajiri. Sina ubaya nao, baadhi wananisalimu. Ila hakuna anayemuuliza mzee wa Kijerumani wa Diani kama kwao ana mjukuu anayejua kupika.

Basi usiku mmoja tulikaa kikao cha familia kwenye WhatsApp, sauti ya kila mtu ikigongana na ya mwenzake. Binamu mmoja alipendekeza nihame kwa karatasi: tutafute barua ya chifu inayosema naishi Kisauni, na picha za chumba. Mwingine akasema nihame kweli, niende Nairobi, nitafute kazi ya maana, bibi abaki na msichana wa kulipwa miezi sita, kisha tuseme msichana kaondoka. Shangazi alikataa yote mawili. Baba hakusema kitu. Nami niliposikia neno Nairobi, moyo uliruka. Naliandika hili kwa kuwa nisipoliandika nitakuwa nadanganya kama ile barua ya chifu. Kuna usiku nimetaka bibi aende Leicester ili mimi niende popote. Nina miaka 26. Wenzangu niliokuwa nao chuoni wameshahitimu, na mmoja hunitumia kazi anazoona ni ndogo kwake.

Asubuhi nilimwambia bibi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimweleza polepole kwamba ili akae na mwanawe, karatasi itabidi iseme hapa Mombasa hana mtu.

Alikuwa anapangusa miwani kwa ncha ya leso. "Sina mtu?"

"Karatasi tu, bibi."

"Na hawa wapandao ngazi toka alfajiri ni majini?" Akavaa miwani, akanitazama. "Na weye?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia Leicester aliiona mwaka 2015, wiki sita, shangazi akitoka kazini usiku, yeye akikaa dirishani kutazama barabara isiyo na mtu wa kumsalimu. Nikadhani ndiyo hivyo basi, hataki. Lakini alipomaliza chai akasema, "Lakini yule ni mwanangu. Alikuwa mgonjwa mwaka jana, nikaambiwa ameshapona." Nilijua ugonjwa huo. Sote tulijua, tukamficha. Akaomba aletewe lile faili la kijani kutoka kabatini, akatoa kitambulisho, akakiweka mezani pamoja na vyeti vya kifo cha babu na cha kuzaliwa cha shangazi, vimepangwa, kama mtu anayengojea kuitwa.

Wakili ameomba mambo mawili. La kwanza ni ripoti ya daktari kuhusu hali yake ya moyo, na shangazi anaweka pesa kwa ajili hiyo. La pili ni barua kutoka kwangu, nieleze kwa maneno yangu kwa nini siwezi kuendelea kumtunza. Isiwe ya uongo, alisisitiza, iwe ya kweli na yenye maelezo. Kurasa mbili zinatosha.

Mimi ni mtu ninayelipwa kwa neno. Nimeandika maneno elfu mbili kuhusu mafuta ya nywele ambayo sijawahi kuyapaka. Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya kujitetea, ya pili ya kumsifu bibi, ya tatu niliifuta kabla haijafika chini ya ukurasa. Ya nne ipo kwenye simu. Ina jina langu, nambari ya kitambulisho, na sentensi moja inayosema kwamba naishi naye, ghorofa ya pili, mtaa wa Kibokoni, Mombasa, na kwamba sasa hivi ameniita nimgeuze ubavu.